Sifa za Mlafi wa Seva

Asifiaye mvua imemnyea. Mimi ilininyea saa nane na robo usiku, nimekaa ukingoni mwa kitanda na msuli kiunoni, natazama namba nyekundu inayogoma kushuka, huku simu ikitetemeka mezani kama yenye homa. Haki ya kusifu ninayo. Na nimsifuye leo hajawahi kuimbiwa na mtu: mlafi wa seva, ile programu moja ndani ya tovuti moja ambayo huinuka bila kuaga, ikaibugia prosesa nzima, na kuwaacha wengine wakigonga mlango usiofunguka.

Seva ya kuchangia ni nyumba ya kupanga, yenye koridoo moja na vyumba huku na huku. Yangu ina vyumba thelathini na saba. Mashine yenyewe iko Ujerumani, kwenye jengo la baridi ambalo sijawahi kulitia machoni, ila wenye vyumba wako Tanga, Iringa na Mwanza: muuza vipuri vya pikipiki, shule ya sekondari, fundi wa magauni ya harusi, wakala wa safari za mbugani, kwaya. Kila mmoja ana mlango wake na ufunguo wake, na akishaingia ndani hujiona amejenga. Lakini prosesa ni moja, kama luku ilivyo moja. Aliyewahi kupanga Manzese anaijua ile asubuhi ambayo uniti zimeisha kabla ya Ijumaa. Hakuna aliyepiga pasi. Hakuna mwenye friji. Wote ni watu wa taa moja na kuchaji simu. Na chini ya kitanda cha mmoja wao, imefunikwa kwa ndoo, kuna hita ya koili ambayo bado ina joto.

Sifa ya kwanza ya mlafi, basi, ni ujirani. Miezi kumi na moja seva ilikuwa shwari, na kwa miezi yote hiyo hakuna mpangaji aliyenijulia hali. Walilipa (baadhi), wakanyamaza (wote). Mlafi alipoamka, kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeongea na zaidi ya nusu yao. Nikajua kwamba mke wa muuza vipuri amejifungua mapacha. Nikajua kwamba fundi wa magauni ana maharusi watatu wa Jumamosi moja, na picha zao zimo humohumo kwenye tovuti isiyofunguka. Nikajua pia wananionaje, habari ambayo kwa amani isingenifikia. Hata wakala wa safari aliuliza, kwa mara ya kwanza, anakaa na nani. Nilipomwambia kwamba yuko ukuta kwa ukuta na kwaya alicheka, akasema ndiyo maana.

Nasaba yake nayo ni ya watu wakubwa. Mwaka 1961, pale MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwaketisha watu kadhaa kwenye kompyuta moja kwa pamoja, kila mmoja akimegewa kipande kidogo cha muda hata akadhani mashine ni yake. Kabla ya hapo ulipeleka kadi zako zilizotobolewa, ukapanga foleni, ukaja kuchukua majibu baadaye. Kwenye foleni hakuna mlafi. Kuna aliyetangulia tu. Ni sinia lilipowekwa katikati ndipo alipopatikana mwenye tonge kubwa. Haukupita muda mrefu, na waliokuwa wakitumia mfumo wa TENEX wakawa wanapima wastani wa mzigo wa mashine zao na kuutangaza: waraka uitwao RFC 546, wa mwaka 1973, kazi yake ni kueleza mashine za TENEX zilivyoelemewa mwezi wa Julai. Kisha mwaka 1984 William LeFebvre akaandika programu ya top, na mpaka leo msimamizi akishtuliwa usingizini, hiyo ndiyo anayoifungua kabla hajawasha hata taa. Nitajieni mlaji mwingine wa mali ya pamoja aliyeandikiwa chombo cha kumtaja jina, chumba anachotoka na kiasi alichokula, tena kikijisahihisha kila baada ya sekunde chache. Ripoti za ukaguzi wa fedha za umma nazisoma pia. Hazina kasi hiyo.

Naye hajifichi. Usiku ule alikuwa juu kabisa ya orodha, hifadhidata ikiwa imeandikiwa asilimia 390. Mwalimu wangu wa hesabu alikomea mia, na kwake aliyepata zaidi ya mia alikuwa ameibia. Ila kwenye Linux kila kiini cha prosesa huleta mia yake. Mashine ya viini vinne ina mia nne za kugawa, na mmoja alikuwa amejipakulia mia tatu na tisini mbele ya macho ya watu. Ndugu zake ndio wa kuogopwa. Yupo yule wa diski: tangu mwaka 1993 Linux imekuwa ikiwahesabu kwenye mzigo hata wale waliokaa tu wakisubiri diski iwajibu, kwa hiyo unaweza kuona mzigo wa 20 na prosesa imelala fofofo, ukamtafuta mlafi ambaye hayupo. Na yupo yule anayeandikwa kwa herufi mbili, st, kwenye kona ya top. Huo ni muda ambao seva yako iliomba prosesa ikanyimwa, kwa sababu mashine kubwa iliyoibeba ilikuwa inamhudumia mwingine. Maana seva yangu si nyumba, ni chumba katika nyumba ya mtu, na huko nje iko koridoo nyingine yenye wapangaji nisiowajua. Siku nilipoielewa namba ile nilikaa kimya kidogo.

Elimu yangu yote ni yeye aliyenilipia ada. Alinifundisha kwamba WordPress hukagua ratiba ya kazi zake kila mgeni anapoingia, kama mlinzi anayeamshwa na kila hodi ili atazame saa, na kwamba ni heri kuizima tabia hiyo na kuiachia saa yenyewe ya seva amri ya kumwamsha. Alinifundisha maana ya faharasa: jedwali la hifadhidata lisilokuwa na faharasa husomwa lote, mstari kwa mstari, kila anapotafutwa mtu mmoja, na likiwa na mistari mia mbili hakuna anayegundua, likifika laki mbili nyumba nzima inagundua. Kuna daftari maalumu la kuandika maswali yanayochelewa. Hifadhidata ya MySQL, usipoipangia, huliita swali la polepole likipita sekunde kumi. Sekunde kumi! Mteja wa magauni kwa sekunde kumi amekwisha kuhamia kwa fundi mwingine.

Na alinifundisha adabu. Katika ulimwengu wa Unix adabu hupimwa kwa namba, kuanzia hasi 20 mpaka 19: mwenye hasi 20 hukata foleni, mwenye 19 husema tangulieni, mimi nipo. Nilijifunza hilo kwa aibu. Safari moja mlafi wa saa tisa usiku niliyemwinda wiki nzima alikuwa ni mimi, yaani programu yangu mwenyewe ya kuhifadhi nakala za kila tovuti, iliyokuwa haijamaliza ya jana inapoanza ya leo. Niliipa 19, nikaifunga isianze ya pili kabla haijamaliza ya kwanza, nikawaandikia wateja kwamba tatizo limetatuliwa. Sikusema lilikuwa la nani. Mwenye hita ya koili naye hasemi.

Siku hizi vipo vizimba. Tangu mwaka 2008 kiini cha Linux kimekuwa na cgroups, njia ya kukipangia kila kikundi cha programu fungu lake la prosesa na kumbukumbu, na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti huwafunga wateja humo au kwenye vizimba vya namna hiyo. Mlafi anakula sahani yake, ikiisha anakaa. Majirani hawasikii kitu. Ni haki, sibishi, na nami nimeshaviweka. Ila tangu nimeviweka simu hailii, na mapacha wa muuza vipuri sijui kama wameshaanza kutambaa.

Nirudi kwenye usiku ule, kwa sababu sijasema alikuwa nani.

Kama kawaida, kwanza nilimuua. Amri ya kuua ipo, ni neno fupi. Akarudi. Nikazima seva nzima na kuiwasha, dawa ya kila ugonjwa usioujua, na kwa dakika nne mzigo ulikuwa chini nikajiona tabibu. Akarudi. Mlafi wa kweli haji mwenyewe, huitwa. Ukimwondoa mezani bila kumjua anayeendelea kuagiza, unajisumbua.

Tuhuma za wapangaji wote zilimwangukia muuza vipuri, kwa kuwa ana picha elfu na zaidi za pistoni na cheni. Alikuwa hana hatia hata ya tonge moja. Picha ni andazi lililokwisha kukaangwa: mgeni anaomba, unachukua kabatini, unampa. Kinachoichosha prosesa ni ukurasa wa PHP, ambao ni chipsi mayai, haupikwi mpaka uagizwe. Ndiyo maana kuna kashe, hotipoti ya kuhifadhia ulichopika ili wa pili na wa mia wapakuliwe humohumo. Na hotipoti nilikuwa nayo. Haikusaidia kitu, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Nikafungua daftari la wageni, lile ambalo seva huandika kila aliyebisha hodi, saa ngapi, na alitaka nini. Mtu halisomi kwa macho. Unaiambia mashine ihesabu ni ukurasa upi umeombwa zaidi na ni anwani ipi imeomba zaidi. Jibu likaja: kwaya. Kwaya ya watu ishirini, yenye tovuti ya kurasa sita. Ila mmoja wa waimbaji, kijana mwenye bidii, alikuwa ameweka kalenda ya matukio, na chini ya kalenda kulikuwa na mshale mdogo wa kukupeleka mwezi ujao. Binadamu hubofya mara mbili akaridhika. Roboti za kukusanya kurasa hazina kuridhika. Zilikuta mwezi una mshale, zikaufuata, zikakuta mwezi mwingine una mshale. Desemba ikazaa Januari, mwaka ukazaa mwaka. Zilikuwa tatu, kila moja kwa mwendo wake, na iliyotangulia, nilipoisoma saa tisa kasoro usiku ule, ilikuwa inauliza kwaya itaimba wapi mwezi Machi 2187.

Na seva yangu, maskini, ilikuwa inaijibu. Kila mwezi ulikuwa anwani mpya, kwa hiyo hotipoti ilikuwa tupu kila mara. Ukurasa ukapikwa upya, hifadhidata ikapekuliwa matukio yote tangu Pasaka ya mwanzo, ikarudi na jibu la dhati kwamba Machi 2187 hakuna tukio lililopangwa. Ila mwezi ujao upo, bofya hapa. Nimeona bidii nyingi za bure katika maisha, nyingine nikiwa mwajiriwa. Hii ilinitoa machozi ya kicheko peke yangu gizani.

Dawa ya kwanza ni ya kistaarabu. Mwaka 1994 Martijn Koster alipendekeza karatasi ya kubandika mlangoni, robots.txt, yenye kuziambia roboti vyumba visivyoruhusiwa. Mwandishi wa riwaya Charles Stross amewahi kusimulia kwamba aliyemchokoza Koster ni yeye, kwa roboti yake iliyoielemea seva ya mwenzake bila kukusudia. Kwa hiyo hata sheria ya kubisha hodi kwenye wavuti tunaweza kumshukuru mlafi. Ilichukua mpaka 2022 kuandikwa rasmi, RFC 9309, na bado ni karatasi tu, haina kitasa. Niliibandika. Roboti mbili zikaisoma kufikia asubuhi zikaondoka kimyakimya. Ya tatu haikuwa na malezi hayo; ikaendelea 2188, 2189, mpaka nilipoikata kalenda yenyewe isivuke miezi kumi na miwili, kila atakayeuliza zaidi aambiwe ukurasa haupo. Mzigo ukashuka kutoka 31 hadi chini ya 1. Kimya cha seva iliyopona kinasikika, naapa, hata kama mashine iko Ujerumani.

Kulipokucha nikampigia mwalimu wa kwaya, mzee wa heshima asiyependa mambo ya mashine. Nikamwamkia, nikajaribu kumweleza kwamba kuna mgeni alikesha mlangoni kwake akitaka kujua ratiba ya mwaka 2187. Alinyamaza kwa muda, nikadhani laini imekatika.

“Ni wa sauti gani?” akauliza.

Nikamwambia sijui, Mwalimu, hata si mtu.

“Basi mwambie asisubiri mpaka huko,” akasema. “Mazoezi ni Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Besi tuna upungufu.”