Samaki Wako Akiugua Eastleigh

Umeamka alfajiri, adhana imekwisha Section Three, unachungulia kidimbwi chako pale nyuma ulipotandika karatasi nene nyeusi kati ya tangi na kamba ya nguo. Ngege wote wako juu, midomo wazi, wanatweta.

Hatua ya kwanza: weka chini hicho ulichoshika. Ni zile tembe za tetrasaiklini zilizobaki mtoto alipougua, au ni chupa ya Jik. Rudisha zote mbili ndani.

Hatua ya pili: majirani watafika kabla ya jua, kila mmoja na tiba yake. Wape chai. Ndimu zao na majivu yao yabaki nje ya kidimbwi.

Sasa mpime mgonjwa halisi, ambaye ni maji. Yakiwa kijani kama sukuma wiki, umefuga mwani. Mchana mwani hutoa oksijeni, usiku nao huitumia, kwa hiyo samaki hukosa pumzi zaidi kunapokaribia kupambazuka. Stima imepotea na pampu imezima? Chukua kopo, chota, inua mkono juu ya kichwa, mwaga yarudi yakipiga povu. Fanya hivyo nusu saa. Mkono utauma, na utawaona wakianza kushuka chini mmoja mmoja.

Halafu badilisha maji, robo tu. Ya mfereji yana klorini, nayo huunguza mashavu ya samaki, yale mekundu anayovutia pumzi. Yaache kwenye pipa wazi siku mbili. Ukinunua ya mkokoteni, muulize kijana ameyateka wapi. Ya kisima kirefu hutoka ardhini na oksijeni kidogo, basi yamwage kutoka juu.

Hapa nitakugombeza kidogo, kwa mapenzi. Wewe ndiye uliyemwaga wali wa jana na vipande vya anjera ukaita ukarimu. Kisicholiwa huoza, kinatoa amonia, na amonia ni sumu. Wafungishe siku mbili, ngege mzima havunjiki mgongo kwa hilo. Baadaye wape wanachomaliza kwa dakika tano, basi.

Ukimwona mmoja ana manyoya meupe kama pamba ubavuni, huo ni ukungu wa majini. Mara nyingi hufuata kidonda au baridi. Ngege hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30, na Nairobi ya Julai haijui hesabu hiyo. Mtenge kwenye karai la lita 20 lenye maji ya kidimbwi, uyeyushe humo gramu 60 za chumvi, yaani vijiko vya chakula vitatu hivi. Mfunike kwa wavu, maana ataruka, na paka wa mtaa wako anajua saa. Pampu ndogo ikiwepo, iweke humo.

Wakifa wengi kwa siku moja, usibahatishe: piga simu kwa afisa wa uvuvi wa kaunti, umwekee chupa ya maji na samaki mmoja aliye hai bado.

Na aliyekufa, tafadhali, usimpike wala usimtupe mtaroni. Mitaro yetu hushuka hadi Mto Nairobi, nao umebeba vya kutosha. Mchimbie shimo refu, paka asimfikie.