Kikao cha Mezani

Ofisi ya maendeleo ya jamii, halmashauri moja ya kanda ya kati. Ni usiku, mwishoni mwa Septemba. Afisa amekwenda kulala. Juu ya meza ameacha makaratasi ya kuombea shahada ya uzamili ya sera za umma: Uingereza kwa ufadhili wa Chevening, Marekani kwa kubahatisha. Mguu mmoja wa meza ni mfupi, umewekewa kauntabuku.

INSHA: Shikamoo, Mzee Mhuri.

MHURI: Marahaba, mwanangu. Umechapwa leo? Bado unanukia wino.

INSHA: Leo jioni, mzee. Hebu sikia ninavyoanza: tangu utotoni nimeguswa na umaskini wa bara letu. Hapo naingia kwa Mandela, yale maneno yake ya elimu na silaha.

KAUNTABUKU: Mandela tena! Wanaosoma maombi wanaamka naye na kulala naye.

INSHA: Nani huyo wa uvunguni?

MHURI: Mheshimu, ni mkubwa wako. Kazunguka vijiji vyote na Afisa kwenye pikipiki, wewe hata wazo hujawa. Na utoto gani huo unaousema? Afisa ni mtoto wa mhasibu, kasoma bweni. Umaskini kaukuta huku alipopangiwa kazi.

SIVII: Mzee, siku hizi lazima mtu ajiuze. Mimi nimemwandika kiongozi wa taasisi ya fedha ngazi ya jamii.

MHURI: Taasisi ipi?

SIVII: Kikoba cha ofisini. Alishika daftari mwenzake alipokwenda likizo ya uzazi.

TRANSKRIPTI: Na mimi je? Umeandika GPA 3.9 ukanyamaza. 3.9 kati ya ngapi?

SIVII: Sikuulizwa.

TRANSKRIPTI: Kwetu ni kati ya 5, daraja la pili la juu, wala si aibu. Wamarekani wanahesabu kwa 4. Wakikusoma wewe watadhani wamepata malaika, wakinifungua mimi watadhani wamepata tapeli. Kuandika “kati ya 5” kungekugharimu nini?

SIVII: Nafasi, ndugu yangu. Natakiwa nisizidi kurasa mbili.

MHURI: Na uzoefu wa kazi? Nasikia Chevening wanadai saa 2,800, kama miaka miwili hivi.

SIVII: Zimetimia, mzee.

MHURI: Na saa za chai umezitoa?

SIVII: Tukitoa za chai na za semina, mzee, ofisi nzima hii hakuna atakayefikisha.

BARUA YA MDHAMINI: Jamani, mimi mnaniacha tu? Nimesainiwa na Bosi mwenyewe!

KAUNTABUKU: Kakusoma?

BARUA: Alisema, “Andika mwenyewe, ulete nisaini.” Afisa akaniandika mimi na wenzangu wawili siku moja. Wa kwanza mchapakazi, mwaminifu, mwenye ushirikiano. Wa pili mwaminifu, mchapakazi...

MHURI: Na wa tatu mwenye ushirikiano.

BARUA: Umejuaje, mzee?

MHURI: Miaka yote hii nimegonga barua ngapi? Hakuna hata moja iliyomtaja mvivu.

TRANSKRIPTI: Lakini vyuo vingi siku hizi vinatuma kiungo moja kwa moja kwenye barua pepe ya mdhamini. Hapo mtafanyaje?

BARUA: Nywila ya Bosi anayo sekretari.

INSHA: Tusipotezeane muda kwa mambo madogo. Vyuo hivi vinataka watu wakubwa. Ellen Johnson Sirleaf alisoma shule ya Kennedy pale Harvard, akahitimu 1971, akaja kuwa Rais wa Liberia. Ndiyo maana mimi namalizia kwa kusema Afisa ataibadilisha Afrika.

KAUNTABUKU: Sirleaf alikwenda akiwa ameshafanya kazi Hazina ya nchi yake. Hesabu za Liberia alizijua kwa ndani. Huyu wetu naye ana anachokijua kwa ndani, ila kakitia chini ya mguu wa meza.

MHURI: Kipi hicho, ndugu?

KAUNTABUKU: Mikopo ya asilimia kumi. Toka 2018 sheria inaibana halmashauri itenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, bila riba. Aprili 2023 serikali ikaisimamisha. Vikundi hewa, fedha hazirudi. Kila mtu akasema wananchi hawana nidhamu ya mikopo.

MHURI: Hata mimi nilisema.

KAUNTABUKU: Basi nifungueni katikati, palipomwagikiwa na chai. Kikundi cha wanawake, kilimo cha alizeti. Waliomba Oktoba ili wapande Desemba mvua zikianza. Fedha zimetoka lini? Juni, wiki ya mwisho, maana mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 na fungu lisibaki. Mtaji wa mbegu umefika watu wameshavuna! Zimekaa miezi sita mikononi mwa watu wenye ada za watoto na nyumba zinazovuja. Mvua ziliporudi, hamna kitu. Afisa kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Kwa nini Juni?” Kapitia vikundi vya alizeti vyote, kaweka tarehe za kuomba na tarehe za kupewa.

MHURI: Halmashauri ikafanyaje?

KAUNTABUKU: Ikawapa wale kina mama semina ya ujasiriamali.

INSHA: Hiyo ni habari ya alizeti. Mimi nazungumzia bara zima.

TRANSKRIPTI: Chevening watamtaka arudi nyumbani angalau miaka miwili. Wewe umesema atarudi kufanya nini?

INSHA: Kuleta mabadiliko.

TRANSKRIPTI: Kwenye meza ipi? Katika jambo gani?

INSHA: ...Chanya.

KAUNTABUKU: Mikopo imerudishwa 2024, na mwaka wa fedha bado unaishia Juni. Kazi ya kurudia ipo.

INSHA: Sasa mimi nichanwe?

KAUNTABUKU: Uandikwe upya, mdogo wangu, uanzie kwenye lile swali la wino mwekundu. Na Barua naye aende kwa Bosi. Yeye ndiye aliyekataa kulijibu, aeleze angalau lilivyomuudhi.

SIVII: Dirisha la Chevening siku hizi hufungwa Oktoba. Siku zimebaki chache.

MHURI: Basi fanyeni haraka, mje niwagonge. Nianze na ukurasa upi?

TRANSKRIPTI: Mzee, usinielewe vibaya. Fomu zote zinajazwa mtandaoni.

MHURI: Hata kwenye bahasha?

TRANSKRIPTI: Hamna bahasha, mzee.

MHURI: Watu wafundishwe kuendesha serikali bila mhuri? Hicho si chuo.