Mtungi Ulioitwa Kwao

Nyumbani kwetu Msambweni, pawabenki yangu tuliiita Mtungi. Stima ikikatika, majirani walikuja na waya zao kuteka, kama wanavyokuja na ndoo kisimani.

Basi siku ya safari ya kwenda Nairobi kwa binti yangu, niliufukia Mtungi sandukuni katikati ya korosho na mabuyu. Nikapanda tuktuk, watatu tumebanana kama dagaa, hadi uwanja wa ndege wa Ukunda.

Askari wa ukaguzi, kijana wa rika la mwanangu, aliufukua.

"Mzee, hii haikai sandukuni. Ishike mkononi."

Akanieleza kwamba betri ya lithiamu ikiwaka tumboni mwa ndege, hakuna wa kuuona moshi. Ikiwaka kwa abiria, wahudumu huwahi na maji, maana mwenyewe atapiga kelele ya kutosha.

Ikaja hesabu. Mpaka wa kupita bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100. Nikaipiga kwa sauti: miliampea-saa 20,000 mara volti 3.7, gawanya kwa 1,000, jibu 74. Foleni nzima ikanitazama kwa heshima. Tangu nizaliwe sijawahi kufaulu hesabu mbele za watu.

Hapo ujumbe wa binti ukaingia. Nami, sifa zimenilevya, nikausoma kwa sauti ileile: "Baba, usije na hiyo pawabenki! Aina hiyo imeitwa irudishwe kiwandani, inashika moto!"

Ulimi uliponza kichwa. Foleni ikarudi nyuma hatua tatu.

"Iliyoitwa kwao haipandi," askari akasema, "si juu, si chini."

Sikuwa na la kubisha. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua uwanjani Korea Kusini. Watu wote walitoka hai, na wachunguzi wakasema yaelekea chanzo kilikuwa pawabenki. Juni mwaka huohuo, nchini Marekani pekee, ziliitwa zaidi ya milioni 1 kwa mkupuo.

"Sasa nitairudishaje?"

"Si kwa ndege, mzee."

Kiwanda kiko China, na kuogelea kwangu huishia pale maji yanapofika kiunoni. Jalalani nako haitupwi, isije ikaunguza taka na gari lake. Mtungi umeitwa kwao, na hakuna wa kuusindikiza.

Nikamkimbilia yule dereva wa tuktuk.

"Mzee," akasema, "ndege imeikataa, mimi ninayekalia petroli ndio niibebe?"

Tulipatana hivi: Mtungi uzikwe kwenye karai la mchanga, ukae kiti cha nyuma peke yake, nami nilipe nauli ya watu watatu. Ukaondoka umejinafasi kuliko nilivyokuja.

Ndege ilipoinuka juu ya minazi ya Diani, nikatoa simu niipige picha bahari. Asilimia 3. Ikazima kabla sijabonyeza.

Nikatua uwanja wa Wilson, Nairobi, sina simu, na namba ya binti siijui kwa kichwa. Nilikaa kwenye benchi saa mbili nzima nikitafuna korosho za zawadi, mpaka akanipata.

"Baba, mama amepiga," akasema. "Mtungi umefika salama, uko chini ya mwembe. Anauliza wewe umepotelea wapi."