Barua ya Wazi kwa Wizara ya Elimu: Pongezi kwa Muujiza wa Januari

Kwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, Dodoma.

Yah: Muujiza wa lugha kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mwandishi wa barua hii anaandika kwa Kiswahili akiamini Wizara haitakwazika, maana hata waziri husoma hotuba yake ya bajeti bungeni kwa lugha hiyohiyo. Lengo ni kutoa pongezi ambazo zimechelewa miongo kadhaa.

Muujiza wenyewe uko hivi. Septemba, mtoto wa shule ya msingi ya serikali anafanya mtihani wa darasa la saba. Hisabati, sayansi, maarifa ya jamii: vyote amevisoma kwa Kiswahili, kama walivyosoma waliomtangulia tangu mwaka 1967, na Kiingereza kimekuwa somo tu kati ya masomo mengine. Anarudi nyumbani. Anachunga mbuzi, anauza karanga stendi, anacheza chandimu hadi giza liingie. Januari anaingia kidato cha kwanza, na karibu kila somo limekuwa la Kiingereza. Huko kwenye mbuzi na karanga, lugha imemshukia. Siku ya Pentekoste mitume walihitaji upepo wa kasi na ndimi za moto. Wizara inatumia likizo.

Wasioamini wakasome fomu ya kujiunga na shule. Mzazi anaagizwa kwa Kiswahili fasaha aandae jembe, ndoo, fagio la chelewa, rimu ya karatasi na godoro kama shule ni ya bweni. Hakuna palipoandikwa: Kiingereza, kimoja. Hicho mtoto atakikuta hukohuko, na kwa kuanzia atapewa kozi ya wiki chache ya kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, muda ambao fundi cherehani hautumii hata kumfundisha mwanagenzi kushona suruali.

Sifa za pekee zimwendee mwalimu, mtumishi mwaminifu wa muujiza huu. Anaingia darasani na neno fotosinthesisi. Analiandika ubaoni, analitamka mara tatu, darasa zima linaitikia mara tatu. Anauliza kwa Kiingereza kama wameelewa, wanajibu kwa Kiingereza kwamba wameelewa. Kimya kinatanda. Mwalimu anachungulia dirishani kama kuna mkaguzi, anashusha sauti, na kwa Kiswahili anawaambia kwamba ni vile mmea unavyojitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua. Nyuso zinafunguka. Kumbe ni usanisinuru! Hilo walilijua tangu shule ya msingi. Kisha sauti inapanda tena, notisi zinanakiliwa kwa Kiingereza, na usiku zinakaririwa mpaka nukta. Mtihani ukiuliza swali kama lilivyo kwenye daftari, mtoto ana akili. Swali likigeuzwa kidogo, mtoto ni mzito.

Yaani Kiswahili kinafundisha shule za sekondari za nchi hii kila siku. Kinafundisha kwa magendo.

Wizara haiwezi kulaumiwa kwamba haikuambiwa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza Januari 1985. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walizunguka mashuleni wakakuta Kiingereza cha wanafunzi ni dhaifu mno kubeba masomo. Dawa waliyoandika ni Kiingereza kiendelee, ila kiongezewe nguvu. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ikaahidi mpango maalumu wa kufundishia kwa Kiswahili ngazi zote. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikaruhusu Kiswahili ngazi zote. Kisha toleo la mwaka 2023 la sera hiyohiyo likakirudisha Kiingereza kwenye kiti chake cha sekondari, kiti ambacho kwa kweli hakikuwahi kukiacha.

Wapo wanaosema Kiswahili hakina istilahi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1990. Ina umri wa kuwa mzazi wa mtoto wa kidato cha kwanza. Mwalimu Nyerere naye aliona Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia, lakini ni Nyerere huyohuyo aliyemfanya Shakespeare azungumze Kiswahili katika Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara wa Venisi akiweza kudaiwa ratili ya nyama yake kwa Kiswahili, figo nayo itachuja damu kwa Kiswahili bila kugoma.

Mzazi anayetaka mwanawe ajue Kiingereza asichekwe. Ana haki, na anajua matangazo ya ajira yanavyoandikwa. Kosa ni kumwaminisha kwamba mtoto atajua Kiingereza kwa kuulizwa kazi za figo kwa lugha hiyo. Lugha hufundishwa na mwalimu wa lugha mwenye vitabu vya kutosha na darasa lisilojaa hadi madirishani. Figo si mwalimu wa lugha.

Kwa kuwa muujiza umefanikiwa kiasi hiki, mwandishi anaomba usiishie kwa watoto. Watumishi wa Wizara wapewe wiki sita za kozi ya Kifaransa, kisha kwa mwaka mmoja vikao vyote, majalada yote na usaili wote wa kupanda vyeo uendeshwe kwa Kifaransa. Atakayeshindwa aandikiwe kwamba hana uwezo, arudi nyumbani kulima. Matokeo yabandikwe ukutani, majina na alama, kila mpita njia asome. Mwaka ukiisha, Wizara ilifungue upya jalada la Makweta.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi

Nakala: Mwanafunzi wa kidato cha kwanza (asomewe na mwalimu wake, kwa sauti ya chini).