Kochi Lenye Stara

Sebule za mama zetu zilikuwa na heshima: hakuna kitu kilichokaa uchi. Kochi, meza, redio, friji, vyote vilivishwa vitambaa vya kufuma, vingine vimekazwa kwa maji ya sukari hadi vikasimama wima, na sisimizi wakaalikwa bila kadi. Mgeni aliyeegemea kwa pupa aliondoka na kitambaa mgongoni, akaitwa kutoka mlangoni: "Mwanangu, niachie kitambaa changu."

Malkia alikuwa televisheni ya kichogo. Ilipokuja bapa, kitambaa kikakosa pa kulala. Wenye msimamo walikining'iniza hivyo hivyo juu ya kioo, taarifa ya habari ikasomewa nyuma ya pindo la maua.

Vijana tukacheka: ushamba huo! Leo sisi hao hao tunanunua blauzi za kroshia kwa bei ya kutoa macho, uzi uleule, matundu yaleyale. Tena fundi tunambembeleza apunguze, "si umekaa tu unafuma?" Mashine hutoa sweta kwa maelfu, lakini kroshia halisi haijapata kiwanda, kila tundu limepita mkononi mwa mtu. Hilo tunalijua, tena ndilo tunalojisifia mbele ya marafiki, baada ya kumlipa fundi nusu.

Mama mmoja alimtazama bintiye akitoka na blauzi hiyo kwenda ufukweni. Akaikagua mbele na nyuma, kisha akauliza, kwa huruma kabisa:

"Na redio umeiacha na nini?"