Flamingo wa Geti

Jumatatu. Mteja wa Lanet, Nakuru, anataka geti lenye flamingo (heroe, kwa wanaozingatia kamusi). Nilimchora kwa Python, nikamtoa kwanza kama SVG ili nimtazame kwenye kivinjari. Mrembo, kasimama kwa mguu mmoja. Nambari zile zile nikazipitisha kwenye maktaba ya ezdxf, nikamtumia fundi wa mashine ya plazma faili la DXF. Saa kumi nikapita karakana: flamingo amekatwa kichwa chini, miguu juu. SVG huhesabu kutoka juu kwenda chini. DXF hupanda kutoka chini, kama grafu ya shule. Haya nilisoma chuoni, na nikapita mtihani. Fundi hakushtuka. "Nilidhani anakula," akasema. Ni kweli flamingo hula mdomo ukiwa umepinduliwa. Miguu huiacha majini.

Jumanne. Kila y nimeizidisha kwa hasi moja. Kabla sijamaliza chai, simu: "Bosi, hili geti ni la Lanet ama ni la kufunga kreta ya Menengai?" Upande mmoja wa geti ni milimita 1,200. Mashine ilisoma inchi 1,200, yaani futi 100. Shiti zake za chuma ni futi 8 kwa 4. Ndani ya DXF pana mahali pa kutaja kipimo: 1 ni inchi, 4 ni milimita. Mimi niliweka 0, maana yake amua mwenyewe. Iliamua.

Jumatano. Mteja ameongeza neno KARIBU. Nililituma kama maandishi. Mashine ikalipita kama halipo, kwani hukata mistari tu, haisomi. Nikageuza herufi kuwa mistari. Ikakata vizuri sana, na matumbo ya A, R na B yakadondoka sakafuni. Fundi ameyahifadhi kwenye kikopo akidhani nitayahitaji. Nimeweka vidaraja vya milimita 3 vya kuyashikilia.

Alhamisi. Stima ilipotea saa mbili asubuhi, ikarudi usiku. Hakuna kilichoharibika.

Ijumaa. Mashine ya fundi haielewi mkunjo. Unauvunja kuwa vijistari vilivyonyooka. Shingo niliivunja vipande 6, ikatoka kama bomba la sinki. Vipande 600: mashine ikasitasita kila hatua, ikaacha meno ya msumeno. Vipande 60 vikakubali. Ningependa kusema nilipiga hesabu.

Jumamosi. Geti limewekwa. Mama mwenye nyumba akauliza kwa nini flamingo, ilhali maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda wengi walihamia Ziwa Bogoria. Mumewe akanitazama mimi. Kurudi karakana nikakuta yule wa Jumatatu ametundikwa mlangoni, miguu juu. Watu wawili wameshamuulizia bei.

Jumatatu tena. Faili la kwanza nililifuta kwa aibu, kwa hiyo nimeiondoa ile hasi, nikatoa wawili walio kichwa chini, nikatuma bila maelezo. Jioni fundi akanitumia picha. Wote wawili wamesimama wima. "Niliona umekosea tena, bosi, nikawageuza. Usijali."