Namna ya Kumwita Mhadhiri kwa Cheo Chake

Ukishapata chumba hosteli, na wakati bumu, yaani fedha za mkopo wa masomo, bado halijatoka, jifunze vyeo vya watu watakaokufundisha. Usianze na profesa. Anza na yule kijana aliyebakizwa chuoni kwa kufaulu vizuri shahada ya kwanza, ambaye wanafunzi humwita TA. Ndiye anayeongoza semina na kusahihisha kazi zako hadi usiku wa manane, na huenda akalijua jina lako kabla ya mwalimu mwingine yeyote. Mwite Mwalimu. Usimwite "bro" hata kama mlisoma sekondari moja. Anasimama mbele ya watu wa rika lake, na kumwita hivyo mbele ya darasa kunamvunjia heshima.

Juu yake yupo Mhadhiri Msaidizi, kwa kawaida mwenye shahada ya umahiri. Wanafuata Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, kisha Profesa. Ngazi hizi hazipandwi kwa kuota mvi. Mtu hupanda kwa utafiti na kwa machapisho yanayopimwa na wenzake, tena mengine huyaandika mwishoni mwa wiki, baada ya kusahihisha rundo la mitihani yenu. Ukimwita kila mwenye miwani "profesa" ili umfurahishe, unampunja aliyekihangaikia cheo hicho. Asiye nacho naye atajua papo hapo kwamba hukusoma hata kibao cha mlangoni kwake.

Usichanganye cheo na shahada. "Dokta" ni heshima ya aliyehitimu uzamivu. Kwenye barua andika Dkt., halafu jina. Anaweza kuwa Mhadhiri au Mhadhiri Mwandamizi, na bado ni Dokta. Neno Daktari, mtaani, mwachie wa hospitali, la sivyo watu watamletea Dokta wako vipimo vya malaria. Waliotunukiwa shahada ya heshima tuwapongeze kwa waliyoitendea jamii, lakini tasnifu yako ipeleke kwa aliyewahi kuitetea ya kwake.

Mkufunzi utamkuta zaidi kwenye vyuo vya ualimu na vya mafunzo ya kazi. Na ukisikia kipaza sauti mtaani, watu wamejaa kusikiliza mhadhara wa dini, msemaji naye ni mhadhiri. Usimwulize lini matokeo yatatoka.

Mtego mkubwa uko kwa wakuu. Kwenye chuo cha ualimu, Mkuu wa Chuo ndiye mwenye ofisi, mafaili na kelele za kila siku. Chuo kikuu, Mkuu wa Chuo ni yule unayemwona siku ya mahafali akitunuku shahada. Shughuli za kila siku ziko mikononi mwa Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye Wakenya humwita Naibu Chansela. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970, Mkuu wake alikuwa Rais Nyerere, na Makamu Mkuu wa kwanza Pius Msekwa, aliyetokea uongozi wa chama cha TANU. Nyerere alikuwa na vyeo tele vya kuchagua, lakini nchi nzima ilimwita Mwalimu, jina la kazi aliyoifanya shuleni Pugu. Ndiyo maana nakushauri: ukikwama mbele ya mlango usio na kibao, sema "Shikamoo, Mwalimu." Hakuna profesa anayestahili cheo chake atakayeona umemshusha.

Chini ya Makamu wapo Rasi wa Ndaki, Amidi wa Shule Kuu na Mkuu wa Idara. Ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, anza idarani. Usiruke hadi kwa Rasi. Atakurudisha huko huko, na foleni itakuwa imeongezeka.

Mwisho ni ukurasa wa shukurani wa tasnifu yako. Andika cheo alichonacho msimamizi wako siku unayokabidhi, maana huenda amepanda tangu ulipoanza. Kisha mtaje kwa jina kamili na yule TA aliyesoma rasimu yako ya kwanza, ile iliyojaa makosa, akairudisha na wino mwekundu hadi pembezoni.